Mwenye Wimbo na Mwenye Kanda

Kemilembe mwanangu,

Umeenda Igogo kuwaaga akina mama wa kwaya, na baba yako yuko uani anafunga kasha la gitaa kwa kamba kana kwamba linakwenda vitani. Nimepata utulivu kidogo wa mchana huu, nami nataka kuutumia vizuri. Sitakuandikia habari za nauli, wala shuka, wala vyakula vya njiani. Hayo umeshaambiwa na mtaa mzima wa Butimba, pamoja na watu ambao hawajawahi kufika Dar es Salaam. Mimi nakuandikia jambo moja tu ninaloliweza kuliko wao: wimbo ukisharekodiwa unakuwa wa nani.

Jumapili baada ya ibada ulinionyesha mkataba wa ile kampuni. Nilivaa miwani nikausoma wote, nikakurudishia, nikasema ni mzuri. Ni mzuri kweli, kwa upande wako. Lakini bendi yenu ina watu wanne na mle ndani nimeona jina moja. Nilipokuuliza kuhusu Sospeter mpiga gitaa, Esta wa kinanda na Dotto wa drams, ulinijibu huku ukizikunja karatasi zako: "Mama, hao ni ndugu zangu. Tukimaliza kurekodi tutaongea."

Ukaniona nimenyamaza, ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa kabla hujazaliwa, na aliyeniambia naye alikuwa akitabasamu.

Unajua kwamba niliimba zamani. Hadithi yenyewe umeisikia vipande vipande, kila mtu akikupa kipande kinachompendeza. Leo nakupa yote.

Tulijiita Furu Jazz, kwa jina la vile visamaki vidogo ambavyo sangara alikuja kuvimeza humu ziwani. Sisi tulisema hatumezwi. Kiongozi wetu alikuwa Masanja, Msukuma wa Misungwi, mrefu, mkali, mtu asiye na mzaha na nyuzi za gitaa lake. Besi alipiga Magesa, Mjita mmoja mpole ambaye ungeweza kukaa naye mazoezini tangu asubuhi na usimsikie akisema zaidi ya "haya, turudie." Wapiga drams walikuja na kuondoka. Mwimbaji nilikuwa mimi. Tulifanya mazoezi kwenye ghala la nyavu pale Igogo, na nguo zetu zilinuka samaki hata tukienda kupiga harusini.

Sasa, ule wimbo. Bibi yako, mama yangu, aliugua kijijini kwetu Muleba. Habari ilinifikia jioni, nikatoka mbio hadi Kigongo nikakuta kivuko cha mwisho kimeshaondoka. Siku hizi kuna daraja, mnapita juu ya maji mkichezea simu. Wakati ule ukichelewa umechelewa. Nilikaa pale ukingoni na kikapu changu, nikiziona taa za Busisi ng'ambo, karibu tu, kana kwamba ningeita mtu angeitika. Ndipo maneno yakaanza kuja na sauti yake: *Nivushe nahodha, mama ananiita.* Sikuyatafuta, mwanangu. Nilivuka kesho yake na kivuko cha kwanza. Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ameshafunikwa.

Niliporudi Mwanza niliwaimbia wenzangu bila ala yoyote. Magesa alijifuta macho kwa mkono wa shati. Masanja alikwenda pembeni na gitaa lake, akakaa huko siku nzima, na jioni akaja na lile gitaa la mwanzo, lile ambalo hata wewe ulikuwa ukiliimba kwa mdomo ulipokuwa mdogo. Wimbo wa msiba ukageuka rumba. Watu waliinuka kuucheza na kulia palepale.

Basi akatokea Bwana Faustini. Alikuwa amefungua studio hapa mjini, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoke nje. Alitusikia harusini, akatufuata nyuma ya jukwaa. "Nyinyi ni dhahabu," alisema. "Njooni mrekodi kwangu. Sitaki hela yenu. Mimi natoa studio, nyinyi toeni sauti."

Masanja aliuliza, "Na baadaye?"

"Tukimaliza tutaongea."

Tukashangilia! Hakuna aliyeuliza tena. Mimi nilikuwa na swali mdomoni, nakumbuka kabisa, nikalimeza kwa kuona aibu. Nilidhani mtu akikufanyia wema, kumuuliza ni kumvunjia heshima. Hilo ni kosa langu la kwanza, na nimeshaliona kwa watu wengi wazuri kuliko mimi: tunaogopa kuonekana wachoyo mbele ya mtu anayetupa bure, na hatujiulizi kwa nini anatoa bure.

Kurekodi kwenyewe kulikuwa raha tupu. Umeme ukikatika tulikaa nje tukila mihogo ya kukaanga, ukirudi tunaingia tena. Tulipomaliza, Faustini alitoa kaseti, na kaseti zikapanda meli zikaenda Ukerewe, zikaenda Bukoba, zikapigwa kwenye redio na kwenye baa za mialoni, kule wavuvi wanakoshusha samaki. Nilikuwa nikipita sokoni Kirumba nasikia sauti yangu ikitoka vibanda vitatu kwa mpigo, kila kimoja na mstari wake.

Ila hatukuongea. Kila tulipomwendea, Faustini alikuwa na safari au mgeni. Na sisi, badala ya kumkabili yeye, tukageukiana. Ndivyo ilivyo, mwanangu. Watu wasipojua mali ni ya nani, humgombeza aliye karibu. Masanja alisema wimbo ni wake kwa sababu bendi ni yake. Mimi nikasema ni wangu kwa sababu niliutunga. Siku moja pale ghalani, mbele ya watu, aliniambia, "Bila gitaa langu huo ni mlio wa matanga tu." Nami nikamjibu, "Gitaa hata paka akipita juu yake litalia."

Watu walicheka. Masanja alifunga gitaa lake kwenye kasha, akaondoka. Nilijiona nimeshinda. Furu Jazz ikafia pale. Magesa alitutazama wote wawili na besi yake mapajani, na kwa mara ya kwanza hakusema turudie.

Nikaolewa na baba yako, nikaanza kufundisha shule ya msingi, ukazaliwa wewe. Magesa alifariki ukiwa bado hujaanza shule. Nilikwenda kumzika. Masanja naye alikuwepo, akasimama upande mwingine wa kaburi, mimi upande huu, na hatukusalimiana.

Halafu, ulipokuwa kidato cha tatu, ukaniita kutoka sebuleni: "Mama! Mama, njoo, ni wewe huyu?" Nilitoka jikoni na mikono ina unga. Kwenye televisheni palikuwa na tangazo la magodoro. Mwanamke anajitupa kitandani akicheka, na nyuma yake, sauti yangu: *Nivushe nahodha.* Hapo tu wakaukata, wakataja jina la godoro.

Ulinitazama ukitabasamu. Ulidhani nimekuwa maarufu. Nilirudi jikoni nikakanda ule unga mpaka ukawa mgumu kama mpira. Mama yangu alikufa nikiwa ng'ambo ya maji, na watu walikuwa wakimtumia kuuza magodoro.

Kesho yake nilikwenda kwa Faustini. Alishaacha mambo ya studio, ana nyumba ya wageni pale njiapanda ya Usagara. Alinipokea vizuri mno. Aliniagizia soda, akaniuliza habari za watoto. Nikamuuliza, "Kaka, ule wimbo umeuuza?"

"Wimbo? Sijauza wimbo wa mtu. Nimeuza kanda yangu."

"Ndani ya kanda nimo mimi."

"Mama Kemi, studio ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Mashine za nani? Fundi alilipwa na nani? Nyinyi mlitoa nini?"

Akaniongezea soda kwenye glasi. "Basi," alisema, bila hasira. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa akinilaghai. Aliamini asemacho, na kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kukaa naye amweleze vingine.

Baba yako ndiye aliyesema niende kwenye ofisi ya hakimiliki. Nilikwenda nikiwa na hasira za kutosha kuwasha jiko. Ofisa aliyenipokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, hapa mnagombea kitu kimoja wakati viko viwili. Upo wimbo, yaani maneno na sauti yake. Huo ni wa aliyeutunga. Halafu ipo rekodi, sauti iliyonaswa siku ile kwenye ile studio. Kama hamkuandikiana, aliyegharamia na kusimamia kazi ya kurekodi ana nguvu sana ya kusema rekodi ni yake."

"Kwa hiyo Faustini yuko sahihi?"

"Kwenye rekodi, huenda. Lakini huwezi kuiuza rekodi kwa tangazo bila ruhusa ya mwenye wimbo uliomo. Na wale waliopiga na kuimba nao wana haki yao katika walichokipiga. Sasa swali ni moja: nani atathibitisha kwamba ulitunga wewe?"

Jibu nilikuwa nalo tangu alipouliza. Magesa hayupo. Wapiga drams wametawanyika. Aliyebaki ni Masanja, mtu ambaye kila mahali alikuwa akisema wimbo ni wake.

Nilikwenda Misungwi peke yangu. Baba yako alitaka kunisindikiza, nikamkatalia. Nilimkuta Masanja zizini, ana mvi kichwa kizima, anamfunga dawa ndama aliyeumia mguu. Nikasimama nje ya boma.

"Shikamoo kaka."

Hakuitikia. Alimaliza kufunga fundo, akamwachia ndama, akanawa mikono taratibu kwenye ndoo. Kisha akauliza, "Hajambo yule paka wako?"

Kumbe miaka yote ile lile neno lilikuwa limemkaa. Nilisahau nililisema lini. Yeye alikuwa akilala nalo.

"Paka alikufa," nilisema. "Nimekuja mwenyewe. Na nimekuja kukuomba radhi kwa neno lile, kabla sijasema kilichonileta."

Alinitazama. "Marahaba," alisema mwishowe, akanisogezea kigoda.

Nilimweleza kuhusu godoro, Faustini na ofisi. Nilidhani atabisha. Akasema, "Wimbo ulitunga wewe. Mimi sikufiwa na mama ng'ambo ya Busisi. Nitakuja kusema hivyo popote." Nikaanza kumshukuru, akainua kiganja. "Ngoja. Nami nikuulize. Kwenye harusi, watu walikuwa wanainuka ukianza kuimba, au kabla?"

"Kabla."

"Kabla wanasikia nini?"

"Gitaa."

"La nani?"

Mwanangu, unaweza kuwa na haki yako yote mkononi na bado ukawa umeshika kipande cha mwenzio ndani yake. Miaka yote nilijiona nimeibiwa, ilikuwa kweli. Lakini na mimi nilikuwa nimekaa juu ya siku nzima ya mtu, siku aliyokaa pembeni akinitafutia mlango wa wimbo wangu.

"Ni lako," nilimwambia. "Ulilitunga wewe. Tutaandika majina mawili."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akatazama ng'ombe wake, kisha akasema, "Na Magesa je?"

Basi tukaenda wote wawili Igogo kwa mjane wa Magesa. Tulimkuta anaanika dagaa. Tulimweleza kwamba besi aliyoipiga mumewe ina haki yake, na sasa hiyo haki ni ya kwake na wanawe. Alituacha tuseme yote. Kisha akauliza jambo moja tu: "Jina lake litaandikwa?"

"Litaandikwa."

Alifunika uso kwa kanga yake, nasi tukamwacha alie.

Tulipokwenda Usagara tukiwa watatu pamoja na yule mjane, na mwanasheria tuliyemtafuta wa nne, Faustini aliagiza tena soda, lakini safari hii mkono ulikuwa mzito. Mwanasheria alimfafanulia yale ya ofisini. Alibisha kidogo, akaegemea kiti. "Kwa hiyo nilikuwa nimeuza kitu changu kikiwa na kitu chenu ndani."

"Hasa," alisema Masanja. "Kama mtu anayeuza gari na abiria."

Faustini alicheka, sote tukacheka, na siku ile ndipo tulipoongea yale tuliyoahidiana kuongea kabla hujazaliwa. Hatukupata kila kitu. Ile rekodi ya kwanza ni yake mpaka leo, imeandikwa hivyo na tumetia saini. Lakini hawezi kuipeleka popote bila sisi kukubali, majina ya wote yamo, na chochote inacholeta kinagawanywa. Watu wa magodoro walilipa kwa siku walizotumia, kisha wakaomba ruhusa ya kuendelea. Masanja alikuwa tayari kuwapa. Nilimwambia mimi siwezi kumsikia mama yangu kwenye tangazo la kulala. Hakunibishia hata kidogo. "Basi hapana," alisema, na alikuwa na haja ya ile fedha kuliko mimi. Nafikiri kama ningekuwa nimemnyima jina lake kwenye lile gitaa, asingewakatalia kwa ajili yangu.

Kisha tukarekodi upya, tukiwa wenye rekodi sisi wenyewe. Ulikuwepo pale ukumbini kanisani, ndiwe uliyesema, "Mama, umechelewa kuingia." Kweli nilichelewa. Sitakudanganya: ile ya zamani ni nzuri zaidi. Sauti yangu ya sasa ina mikwaruzo, na besi aliipiga kijana mzuri ambaye hata hivyo si Magesa. Lakini hii nikiisikia redioni siulizi ni ya nani.

Sasa nikurudie wewe. Mimi sikuambii usitie saini. Wala siamini kwamba hao watu wa Dar ni wabaya. Faustini naye hakuwa mbaya. Nenda, rekodi, imba uwezavyo, una sauti ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo hata kwenye siku zangu nzuri. Lakini kabla hujaingia chumba cha kurekodi, uliza kwa sauti, na usione aibu: hii rekodi itakuwa ya nani, kwa muda gani, na tukiachana itabaki kwa nani? Mtu mwema hatachukia swali hilo. Atakayelichukia amekujibu.

Hilo ndilo jepesi. Zito liko karibu zaidi.

Ule wimbo wenu ambao kampuni imeupenda, ule wa kwanza kwenye mkataba, mliufanyia mazoezi sebuleni kwangu msimu wa mvua. Mimi nilikuwa jikoni. Ulikuwa umekwama, Kemi. Ulikuwa na maneno mazuri lakini yalikuwa yanakaa tu, hayatembei, ukafika mahali ukatupa kalamu. Ndipo Dotto, ambaye si msemaji, akachukua vijiko viwili vya chai akaanza kupiga meza yangu. Mwendo ule. Ule ule ambao sasa watu wanaupiga kwa viganja wakisikia jina la bendi yenu. Ukaruka ukaanza kuimba juu yake, na nikaacha sufuria iungue kwa kukusikiliza.

Dotto hatakudai. Ni mtu wa aina ya Magesa. Mtu asiyedai haimaanishi hana chake. Na kama siku moja mtu atauliza ule mwendo ulitoka wapi, mimi nilikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi, na sitasema uongo hata kwa ajili yako. Nakuambia hili kwa sababu nakuamini. Ningekuwa na mashaka nawe ningempigia Dotto simu; nimekuandikia wewe.

Mimi na Masanja tulipoteza ujana wa muziki wetu wote kwa sababu ya mazungumzo ambayo yangemalizika kwa chungu kimoja cha ndizi. Nyinyi bado hamjapoteza hata siku.

Kwa hiyo nimefanya jambo bila kukuuliza. Nimewaita Sospeter, Esta na Dotto waje kula hapa jioni ya leo. Wanadhani ni chakula cha kuagana. Ndizi ziko jikoni zimeshaiva, sato yumo kwenye mchuzi wake, pilipili nimeiweka pembeni kwa sababu ya Esta. Mkataba wako nimeutoa kwenye begi, nimeuweka mezani, na nimeacha kalamu. Kampuni haijaupokea bado. Mstari wowote unaweza kuongezwa na mtu mwenye nia, na yule mwanasheria wetu amesema mkikubaliana mumpigie, simu yake itakuwa wazi.

Mimi na baba yako tutakuwa kwa Mama Rehema, nyumba ya tatu. Mle kwanza, wenye njaa hawasikilizani. Wakishashiba, uwaambie ulichokisoma kwenye zile karatasi, halafu unyamaze uwasikie.

Ni mimi mama yako, ninayengoja kwa jirani mpaka uniite nije kuondoa sahani.